Gauni Lililopwaya

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, dada mtu alimfungia mdogo wake zipu ya gauni. Asubuhi hiyo zipu ilipanda bila kubembelezwa, gauni likapwaya. Kiganja chake kikagusa mgongo wa mdogo mtu, dada akaganda. Moyo wa mdogo wake ulikuwa ukienda mbio kama wa mtu aliyetoka kufukuzwa.

Mwendo ule aliujua. Kazi yake ilikuwa kupima panya wa maabara. Wa kizimba cha kwanza walichomwa homoni ya tezi ya shingo, ili waugue kama binadamu ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Walikula kama mchwa na bado wakakonda, wakahaha, mioyo ikiwadunda viganjani mwake. Wa kizimba cha pili walipewa kemikali ya kuizuia tezi hiyohiyo. Hao walipoa, wakashinda wakisinzia.

Nyumbani, majuma yote yaliyopita, mdogo mtu alimaliza sahani mbili kila mlo na kiuno kikazidi kupungua. Macho yalimng'aa. Wageni walimsifu, na mama akamwambia mkubwa aige kwa mwenzake. Mdogo mwenyewe alimtania dada kuwa, kwa uzito wake, yeye ni wa kizimba cha pili. Dada alicheka pamoja nao, kisha akaenda kulala bila kula, kijicho kikimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa alisema, kwa sauti ya chini, kwamba inafaa waende hospitali kupima damu.

Mdogo mtu alimtazama kwenye kioo. "Dada, nilijua tu utakuja na lako. Nikinenepa ndiyo roho itakutulia?"

Mama, aliyekuwa akipita na ndoo, alicheka, akasema kwamba siku hizi wivu nao unavaa koti jeupe.

Dada aliinamisha uso. Aligeuka aondoke. Lakini mdogo mtu aliinua hereni, na vidole vikatetemeka, hereni ikalitafuta tundu la sikio isilione. Ikaanguka. Wote watatu wakaiangalia pale sakafuni.

Dada akaiokota, akamvalisha polepole.

"Wivu ninao, sikatai," alisema. "Ndio ulionifumba macho, nikaona kiuno nisione ugonjwa. Unaumwa, mdogo wangu. Twende ukatibiwe. Nenepa hata unizidi, kisha uwe mzuri kuliko mimi mpaka tuzeeke. Wivu wangu nitajua pa kuupeleka. Wewe nikikukosa, sina pa kwenda."