Bega Lililoganda

Mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka, Urbanus alimwambia mama yake neno moja tu: "Mama, mibuni hii ukiichuma mwenyewe, siigusi. Ukishindwa, naikata, napanda nyanya." Zamani ukikata mbuni, bwana shamba alikufikisha kwa hakimu. Siku hizi soko huria, kila mtu na panga lake.

Redempta alikubali upesi, maana mibuni aliipanda yeye na marehemu mumewe. Hakujua kwamba bega lake la kulia lilikuwa na mipango yake. Kufika mwezi wa sita, mkono haukupanda kupita kifua. Hakuweza kuvuta tawi, hakuweza kufunga sidiria, na ishara ya msalaba aliianzia kidevuni, Mungu akavumilia.

Akashuka Moshi hospitalini. Eliakim, mzee wa mazoezi ya viungo, alimzungusha mkono mpaka akapiga kelele, kisha akampeleka kupimwa sukari. Ikakutwa ipo.

"Bega limeganda, mama. Utando unaozunguka kiungo umekakamaa; wenye sukari huwapata sana. Litaachia lenyewe, ila taratibu: mwaka, pengine miwili. Usilifunge kitambaa likalala. Likande kwa maji ya moto, halafu vidole vikwee ukuta, kila siku juu kidogo."

"Na kahawa inaiva mwezi ujao, daktari."

"Kahawa siitibu, mama."

Nyumbani mkwewe Hilda alicheka mpaka akakaa chini. "Limeganda? Barafu ya Kibo imekushukia begani? Wewe ndiye umeganda, mama, kwenye hiyo kahawa yako."

Redempta akapandisha vidole ukutani, khanga ameiuma kwa maumivu, kila Jumapili akichora kwa mkaa vilipofika. Mwezi wa nane alama ilikuwa usawa wa pua.

"Nipe mpaka Pasaka, baba," alimwomba mwanawe.

"Ugonjwa gani huo unaopona kwa kukwaruza ukuta?"

Urbanus alikata kwa siku mbili, matawi yakianguka na buni zake nyekundu. Redempta alikuwa jikoni, vidole ukutani. Hakuvishusha.

Juma la Pasaka vidole viligusa boriti. Akatoka nje mkono juu, kama anayepiga kura. Hapakuwa na tawi la kuvuta.

Urbanus alimwona kutoka kwenye matuta, akafurahi kwelikweli. "Kumbe umepona, mama! Njoo basi, mvua inatuozeshea nyanya!"

Nyanya huchumwa kwa kuinama, na mgongo haukuwahi kumuuma hata siku moja. Hilda akamkabidhi ndoo.