Sakafu Iliyoelekea Mlangoni

Rula ya mita tatu ilipolazwa juu ya sakafu, hata wembe haukupita chini yake. Nilitaka kumkumbatia mzee Fulgence, fundi wetu. Kisha fundi mitambo aliyetoka Dar es Salaam akapima kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni, akatikisa kichwa. Sakafu ilikuwa bapa kama meza, lakini meza yenyewe imeinama. Ilishuka sentimita sita.

“Mashine ya kuchambua mahindi haifungwi hapa,” alisema. “Ukuta hadi ukuta tofauti isizidi milimita tano. Vunjeni.”

Vunjeni! Zege la ghala zima hapa Maposeni, na mahindi yanakaribia kuvunwa! Damu ilinichemka. Aurelia, mwenyekiti wa ushirika, akanipa karatasi niandike kabla ya saa kumi kosa ni la nani. Mwenye kosa hatafanya tena kazi ya ushirika. Jina la kuandika nilikuwa nalo tayari.

Nilimkuta mzee Fulgence nje akiosha mwiko. Sikumpa hata shikamoo, na hilo linanichoma mpaka leo. Nikamwita ndani, nikabeba ndoo ya maji, nikaimwaga chini ya ukuta wa nyuma ili ajionee uharibifu wake. Maji yakatambaa taratibu, yakapita katikati ya ghala, yakatoka mlangoni.

Mzee akatabasamu. “Umeona, injinia? Halijabaki hata tone.”

Huku kwetu nyumba ikidekiwa na maji yakagoma kutoka mlangoni, fundi wake husemwa mpaka nje ya kanisa. Nyumba ya mama yangu kule Lizaboni aliijenga mzee huyuhuyu, na nimekua nikisukuma maji nje kwa ufagio bila kutoka jasho.

“Lakini hili ni ghala, mzee! Maji ya nini humu?”

“Kwani ghala halioshwi?” Tabasamu likafutika. “Mwanangu, nionyeshe nilipokosea kwenye karatasi yako. Ukinionyesha, nitavunja kwa mikono yangu.”

Nikafunua michoro kwa pupa. Unene wa zege ulikuwepo. Nondo zilikuwepo, mpaka nafasi kati ya moja na nyingine. Kuhusu uso wa sakafu niliandika mstari mmoja tu: “Inyooshwe vizuri.” Hakuna rula, hakuna milimita, hakuna kutoka wapi hadi wapi. Nikakumbuka siku ya kwanza aliponiuliza, “Vizuri kiasi gani, injinia?” Nami nikamjibu macho yakiwa kwenye simu, “Mzee, si wewe ni fundi wa siku nyingi?”

Nilijichukia. Namba zile nilizijua tangu chuoni. Ulikuwa uvivu mtupu.

Saa kumi kasoro nikaandika kwamba kosa ni la maelezo ya kazi, na aliyeyaandika ni mimi, Hilda Komba. Aurelia akasoma mara mbili.

“Acha funguo za ofisi mezani,” alisema bila kunitazama.

Nilipotoka, mzee Fulgence alikuwa ameshaanza kuvunja upande wa mlangoni. Akaweka nyundo chini, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaninyooshea.

“Haya, injinia. Vizuri kiasi gani?”

“Shikamoo, mzee,” nikasema kwanza. Ndipo nikaipokea penseli, nikamwandikia namba zote ukutani.