Taa ya Mama Nemoto

Taa ya Mama Nemoto ilizimwa kwa sababu yangu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanihurumia bure huko mbele.

Mimi ni Chizuru Uematsu, dobi wa mtaa mmoja mashariki mwa Tokyo, na kwa miaka kumi na tisa sasa ni katibu wa chama chetu cha wakuza kiku, yale maua ya vuli yenye petali nyingi. Vuli ikiingia, jiji hili hushikwa na wazimu wa maonyesho. Kila mtaa una ngoma zake za hekaluni, maonyesho yake ya maandishi ya brashi, ya ufinyanzi, ya picha za paka, na kila chama kinataka tangazo lake libandikwe kwenye kioo cha duka langu, tena juu ya mengine. Mimi la kiku nalibandika juu ya yote. Duka ni langu.

Maonyesho yetu hufanyika uani mwa hekalu, tangu tarehe mosi Novemba hadi kumi na tano, na waamuzi hupita tarehe tano. Kazi yangu ni kuandika vibao vya majina, kupanga vyungu kwenye mabanda, na kuwatuliza wazee wanaodai kwamba chungu cha mwenzao kimewekwa mahali pazuri zaidi. Ni kazi ya kulea watoto, ila watoto wenyewe wana miaka themanini.

Mzee Kurashige hakuwa msumbufu kama wenzake. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, fundi wa lifti aliyestaafu, mjane. Kwa miaka arobaini na miwili alileta kiku zake. Alipata nafasi ya tatu mara sita, ya pili mara mbili. Karatasi ya dhahabu, ile inayobandikwa kwenye chungu cha mshindi, hakuwahi kuigusa. Na mwaka ule binti yake alikuwa amemtengea chumba kule Sendai, ghorofa ya tisa, pasipo hata mahali pa kuweka chungu kimoja. Nyumba ilishauzwa. Angeondoka Desemba. Sote chamani tulijua kwamba ni vuli hii au basi tena.

Kiku ya mashindano ni mche mmoja wenye mashina matatu na maua matatu, kila ua kubwa kama bakuli la wali, na yote yanatakiwa yalingane na yachanue pamoja. Mtu huifanyia kazi mwaka mzima. Lakini kiku haisomi kalenda, inahesabu giza. Mwishoni mwa Agosti usiku unapokuwa mrefu wa kutosha, ndipo inapojua kwamba wakati wa kutoa matumba umefika. Ukiimulika usiku, itadhani bado ni kiangazi na kuendelea kuota majani, na wewe utabaki na kichaka.

Tarehe nane Septemba nilikwenda kwa Mzee Kurashige kuorodhesha vyungu vyake. Ua wake ni mwembamba kama ujia wa treni. Vyungu kumi na viwili vilikuwa vimejipanga kando ya uzio, vyote vya kijani kibichi, vyenye afya, na havina hata tumba moja.

"Matumba yako wapi?" nikamuuliza.

"Yamechelewa."

"Ya Mzee Hiraoka yametoka. Ya watu wote yametoka."

Akaelekeza kidevu upande wa pili wa uzio. Juu ya mlango wa jikoni wa akina Nemoto kulikuwa na taa mpya, ya aina ile inayofungwa kwenye maegesho ya magari. Ilikuwa mchana na imezimwa, lakini hata hivyo ilinitisha.

"Inawaka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kunakucha."

"Tangu lini?"

"Julai."

"Na wewe umekaa tu unaitazama?"

"Nilifunga pazia kwenye uzio, tufani ikalichukua. Nikataka kufunga jingine, nikaona itakuwa kama namfungia jirani pazia usoni."

"Basi mwambie aizime. Mtu mwenyewe ni Mama Nemoto, si mkuu wa polisi."

"Nikimwambia ataizima," akasema.

"Si ndicho unachotaka?"

Akainama akang'oa jani moja lililokuwa halina kosa lolote. "Chizuru," akasema, "iache hiyo taa."

Nilidhani ni woga. Nimeishi na watu wa mtaa huu miaka sitini na sita, nawajua. Mtu atakubali nyumba yake iungue kuliko kumwambia jirani kwamba jiko lake linatoa moshi. Mimi sina subira ya namna hiyo. Kesho yake nilinunua mapeasi manne makubwa nikaenda kwa Mama Nemoto.

Alinikaribisha chai. Mumewe, Mzee Isao, alikuwa ameketi chumba cha nyuma mbele ya televisheni iliyozimwa. Nilidhani anasubiri mieleka ianze.

"Joto hili halitaki kuondoka, mama," nikasema.

"Kweli kabisa, dada Chizuru. Mpaka usiku."

"Watu hawalali. Hata kiku mwaka huu hazilali."

Akacheka. "Kiku nazo zinalala?"

"Zinataka giza totoro. Mwanga kidogo tu, hazitoi tumba. Wenye bustani karibu na taa wanateseka kwelikweli."

Sikutaja jina. Sikutaja uzio. Hapa kwetu mtu hatajiwi kosa lake, husogezewa karibu mpaka alione mwenyewe, na mimi kazi hiyo naiweza vizuri. Mama Nemoto aliliona kabla sijamaliza kikombe. Uso ukamshuka. Aligeuka akatazama chumba cha nyuma, akanigeukia, akaniuliza kama niongezewe chai. Nikasema imetosha.

Asubuhi yake alikuja dukani na boksi la vitamutamu vya njugu za vuli, akainama mara tatu kabla sijatoka nyuma ya kaunta.

"Uniombee radhi kwa Mzee Kurashige," akasema. "Mimi nitaona haya kumtazama."

Sikumwombea radhi kwa Mzee Kurashige. Vitamutamu nilivila na chai kwa siku tatu.

Wiki hiyohiyo mzee alikuja dukani na shati moja. Alikuwa hana shida ya kufuliwa shati, alikuwa na neno.

"Ile taa imezimwa," akasema.

"Afadhali."

"Wewe umewaambia kitu?"

"Niwaambie nini? Mimi nimejaziwa nguo za watu hapa."

Akanitazama, kisha uso wake ukakunjuka wote. "Basi Isao anaendelea vizuri," akasema, na kwa furaha akasahau kuchukua risiti yake.

Nilisikia vizuri maneno hayo. Ningeuliza swali moja tu pale, hadithi hii isingekuwapo. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungefungua habari ya mapeasi, nami nilikuwa nimeshasema uongo wangu na nilitaka ukae salama.

Mwishoni mwa Septemba matumba yakatoka, madogo kama punje za dengu. Mzee akayapunguza kwa vidole, akabakiza moja kwa kila shina. Siku hizohizo mgawa magazeti alimkuta Mzee Isao alfajiri kwenye kijia cha mferejini, nyuma ya nyumba zetu, akiwa na nguo za kulalia, amevunjika nyonga. Mama Nemoto aliwaambia watu kwamba amejikwaa. Nilituma salamu za pole kama mtaa mzima, nikarudi kwenye vibao vyangu.

Oktoba ilikuwa ya joto la ajabu. Kiku za wenzake Mzee Kurashige zilichanua mapema, na ilipofika siku ya waamuzi kingo za petali zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya chai. Zake, kwa kuwa zilichelewa, zilifunguka tarehe nne. Maua matatu meupe, yamelingana kana kwamba yamekatwa kwa kipimo kimoja, hayana hata mkunjo. Waamuzi walisimama pale mpaka mmoja wao akaketi. Kisha wakabandika karatasi ya dhahabu.

Mzee Kurashige alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Kumbe," akasema.

Mimi nililia, na si mtu wa kulia. Nililia kwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa na majivuno ndani yake, kwa sababu nilijua ni nani aliyeileta dhahabu ile.

Mchana Mama Nemoto akaja. Alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, bado ana mfuko wa nguo mkononi. Alisimama mbele ya chungu, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akamwinamia mzee.

"Hongera sana, Mzee Kurashige. Isao angefurahi kuziona."

"Nashukuru, mama. Anaendeleaje?"

"Hatarudi nyumbani, wanasema. Wanamtafutia mahali pa kukaa." Akainama mara ya pili, chini zaidi. "Na uniwie radhi kwa ile taa. Ningejua kwamba inakusumbua ningeizima tangu Julai. Dada Chizuru aliponiambia, niliona haya sana."

Watu walikuwa wakipiga picha pembeni yetu. Mzee Kurashige aliinama naye, wakainamiana hivyo zamu kwa zamu, mpaka Mama Nemoto akaaga akaenda zake. Mzee hakunitazama mimi. Alitazama ile karatasi.

"Isao akiamka usiku hutoka," akasema. "Hajui anakwenda wapi. Akiiona taa anarudi. Ndiyo maana waliifunga."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nasikia ndala zake. Anazunguka, anazunguka, halafu anarudi. Ilipozimwa nikadhani amepona."

"Mbona hukuniambia?"

"Lilikuwa jambo la nyumbani kwao." Akavaa kofia. "Na wewe ungekaa nalo?"

Jibu analijua yeye, nalijua mimi, na unalijua mtaa mzima. Nilisimama pale na kalamu yangu ya brashi nikitamani anitukane. Kunitukana hakunitukana.

"Jumamosi tutakwenda kumwona," akasema. "Wewe na mimi."

Sasa, kiku ni ua la makaburini. Mtu mwenye akili zake hampelekei mgonjwa kiku, na wala hampelekei kitu cha chunguni chenye mizizi, asije mgonjwa naye akaota mizizi kitandani. Kwa hiyo kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza Mzee Kurashige katika maisha yake hakikuweza kupita mlango wa hospitali. Tulikiacha uani mwa hekalu, watu wakikipiga picha, tukanunua zabibu.

Mzee Isao alikuwa ameegemezwa mito, amekonda, amenyolewa vizuri. Mkewe alikuwa kando yake. Mgonjwa alitutazama kwa adabu, namna mtu anavyomtazama wakala wa bima aliyegonga mlango. Mama Nemoto akafungua zabibu akaanza kuzimenya, moja moja. Mimi nilimwambia pole. Neno lenyewe nililolifuata, kwamba nisamehewe, sikulitoa, kwa sababu kulisema mbele ya mgonjwa kungemlazimu mama wa watu anifariji mimi.

Mzee Isao akamkazia macho Mzee Kurashige. "Wewe ni yule wa upande wa pili wa uzio," akasema.

"Ndiye mimi."

"Kiku zako vipi? Zimechanua?"

Mikono ya Mama Nemoto ikasimama. Mimi nilifungua kinywa niseme dhahabu, maana nilivyo ndivyo nilivyo, lakini mzee alinitangulia.

"Mwaka huu hazikuchanua."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Ulikuwa unaona Mzee Isao anavyolitafuta jambo na linavyomponyoka, kisha akalipata, na uso wake ukawa wa mtu mzima mwenye nyumba yake na majirani zake.

"Itakuwa ni ile taa yetu," akasema. "Inawaka usiku kucha. Nitamwambia Fusae aizime."

Mama Nemoto, ndiye Fusae mwenyewe, alikuwa amekaa naye karibu kiasi cha kumgusa. Hakuinua uso. Mzee Kurashige akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Taa haina neno, Isao," akasema. "Mwambie aiache iwake."

"Na kiku?"

"Nitaotesha nyingine mwakani."

"Haya, mwakani," akasema Mzee Isao, akafungua kinywa apewe zabibu.