Geji za Gari la Mkunga

Gari la Bibi Mkunga lilitoka kwenye rangi likiwa zuri hata wapita njia walikuwa wakisimama kwenye geti la karakana kuchungulia. Lilikuwa gari la zamani, la mabati mazito na taa za mviringo, na sasa lilikuwa na rangi ya kijani cha chupa. Aliyelipaka ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Tulimwita Kioo, kwa sababu hakuwa akiachia kazi mpaka aweze kunyoa ndevu zake kwa kujitazama mlangoni.

Injini aliishughulikia mjomba mwenyewe. Viti nilivishona mimi. Kilichobaki ni geji na taa ya ndani. Gari lilipoingia kwetu zilikuwa nzima, na sasa zilikuwa zimerukwa na akili.

Ukiwasha indiketa, mshale wa mafuta ulicheza nayo, tik tik, kama mtu aliyesikia ngoma. Ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye wekundu, wakati injini ilikuwa baridi kama mtungi. Na taa ya darini, ukifungua mlango, ilitoa wekundu kidogo tu, kama kaa linalokaribia kuzimika.

Mjomba alibadilisha fyuzi, akabadilisha balbu, akabadilisha geji ya mafuta kwa nyingine aliyoipata kwenye gari bovu nyuma ya ua. Ile nayo ikaanza kucheza ngoma ile ile. Akatupa bisibisi chini.

"Basi. Kesho Mkasi atakuja."

Mkasi alikuwa fundi umeme wa mtaa wa pili. Jina lile alilipata kwa haki. Hakuwa na subira ya kutafuta waya mbovu. Alikata zote akaweka mpya. Mjomba alikuwa ameshazungumza naye: aje ang'oe waya zote za gari lile, na akimaliza asiondoke tena. Meza ya umeme iliyokuwa chini ya dirisha ingekuwa yake, na kazi zote za waya zingekuwa zake. Macho ya mjomba yalikuwa yamechoka. Kwenye giza la chini ya dashibodi, waya mwekundu na wa kahawia kwake vilikuwa kitu kimoja.

Mimi meza ile niliitaka. Kwa muda mrefu nilikuwa nalala chali pembeni ya mjomba, kichwa chini ya dashibodi, nikimshikia tochi na kumtajia rangi za waya, na yeye akinieleza kila mmoja unatoka wapi na unakwenda wapi. Halafu tukimaliza narudi kwenye cherehani yangu kule nyuma. Sikuwa nimemwambia mtu. Kila nilipotaka kusema, maneno yalifika kwenye meno, yakageuza.

Siku ile niliona kwamba nikinyamaza, kesho hakuna cha kusema tena.

"Mjomba," nikasema, "nijaribu mimi."

Kioo alikuwa anafuta boneti kwa kitambaa laini. Akainua kichwa. "Nani kaongea? Cherehani?"

"Mwache," mjomba akasema. Akanitazama. "Unataka kujaribu nini?"

"Kutafuta. Kabla hazijakatwa."

"Mimi mwenyewe nimetafuta, mwanangu."

Hapo ningekuwa nimenyamaza, kama si Bibi Mkunga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini akilisubiri gari lake, mkoba mapajani, na masikio yake hayakuwa na uzee wowote.

"Kukata nini?" akauliza. "Nani anakata nini kwenye gari langu?"

Mjomba akamweleza. Bibi akasimama.

"Fundi, mimi nimezalisha watu humo ndani. Humo! Kiti cha nyuma, mvua inanyesha, mwanga wangu ni taa ile ya darini peke yake. Haijawahi kunitupa. Leo mnaniambia waya wote mbovu? Waya wote umeoza siku moja?"

"Bibi, sijui niseme nini."

"Sema ndiyo kwa huyu mtoto. Hamna cha kupoteza."

Mjomba akajikuna kidevu. "Haya," akaniambia. "Una muda mpaka tutakapofunga geti. Taa iwake, na geji ziseme kweli, zote, si moja wala mbili. Ukiweza, namwambia Mkasi abaki kwake."

"Na meza?" nikauliza. Sijui sauti ile niliipata wapi.

"Meza gani?"

"Ya umeme."

Kioo akapiga mluzi. Mjomba hakucheka. "Ukiweza, meza ni yako."

Nililala chini ya dashibodi nikaanza kufuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Hakuna uliokatika. Hakuna uliolegea. Nikapima kwa taa ya kupimia: umeme ulikuwa unafika kwenye kila geji, unafika mpaka darini. Mjomba alikuwa sahihi, waya zote zilikuwa nzima. Nikabaki nimelala, nikitazama mgongo wa dashibodi. Ulikuwa wa kijani, unameta. Hata huko ambako macho ya mtu hayafiki, Kioo alikuwa amepaka, tabaka juu ya tabaka. Niliweza kuona pua yangu.

Ndipo nikakumbuka alichokuwa akinifundisha mjomba kila tulipolala pale: umeme si maji ya bomba, kwamba yakishafika yamefika. Umeme ukienda lazima urudi. Kwenda unapita kwenye waya, kurudi unapita kwenye bati la gari mpaka kwenye betri. Ukikosa njia ya kurudi unahangaika, unapita kwa majirani, na ndiyo maana indiketa inamchezesha mshale wa mafuta.

Geji zote zilikuwa zimeshikwa na dashibodi ile ya bati. Waya wa taa ya darini nao ulishuka nguzoni ukaishia kwenye bolti ya dashibodi ile ile. Na dashibodi ilishikana na mwili wa gari kwa bolti mbili, kila moja imekaa juu ya rangi nene kama ngozi ya ngoma.

Nikachukua waya mrefu, ncha moja nikaifunga kwenye hasi ya betri, nyingine nikaichoma kwenye jino la bolti ile ya waya wa taa, mahali palipobaki chuma kitupu. Mlango ulikuwa wazi. Taa ya darini ikawaka, nyeupe, mpaka nikafumba macho.

"Eh!" Bibi Mkunga akasema kule nje.

Nikaondoa waya. Ikazimika. Nikarudisha. Ikawaka. Moyo ulikuwa unanigonga mbavuni kama unataka nao utoke uone.

Lakini waya ule wa kuninginia haukuwa dawa. Dawa ilikuwa kukwaruza rangi. Na mwenye rangi alikuwa amesimama pale na kitambaa chake.

Nikatoka. "Kioo, nahitaji msasa."

"Wa nini?"

"Nikwaruze chini ya bolti za dashibodi. Rangi imefunga njia."

Alinitazama kama niliyemwomba figo. "Ukwaruze rangi yangu? Nimelala na gari hili kama na mke! Anza kujikwaruza wewe!"

"Ni kidogo tu. Ukubwa wa kifungo cha shati."

"Hata ukubwa wa jicho la sisimizi! Baba, unamsikia? Nyie wote mnashindwa kazi, lawama inakuja kwenye rangi. Ni nani amewahi kuzimiwa taa na rangi?"

Nilitaka kurudi nyuma. Kila mtu alikuwa ananitazama, na mimi kutazamwa ndicho kitu nisichokiweza. Lakini nilikuwa nimeiona taa ikiwaka.

"Umepaka vizuri mno," nikamwambia. "Ungekuwa mvivu kidogo, gari hili lingekuwa zima."

Bibi Mkunga alicheka mpaka akashika nguzo. Mjomba naye kicheko kikamtoka. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," akasema. "Mpe msasa, mwanangu. Mke wako hatakufa."

Kioo akanipa msasa kama mtu anayetoa kisu, halafu akageuka ukutani asione.

Nilifungua bolti, nikakwaruza mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo kisishike kutu, nikakaza. Nilipotoka nguo yangu ilikuwa ya kijani mabegani. Mjomba akakaa kwenye usukani. Akafungua mlango: taa ikawaka. Akafunga: ikazimika. Akawasha injini. Mshale wa chaji ukakaa mahali pake. Wa joto ukalala kwenye baridi, halafu injini ilivyozidi kupata moto ukaanza kupanda polepole, kwa adabu. Akawasha taa kubwa, akawasha indiketa, akapiga honi. Hakuna uliotikisika.

"Angalia hii," mjomba akasema kwa sauti ndogo. Kisha akakunja uso. "Lakini huu?"

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Asubuhi nilimimina dumu zima humu. Kwa mkono wangu." Akagonga kioo cha geji kwa kucha. Mshale haukuamka. "Nilisema zote, mwanangu."

Kioo aliinamia boneti akaanza kuifuta upya. Nilishangaa, maana pale ndipo alipotakiwa kunicheka.

Nilirudi chini ya dashibodi nikapima tena. Nikaenda nyuma, nikafungua kifuniko kwenye buti, nikagusa waya wa kwenye tangi kwenye bati: mshale ukapanda mpaka juu. Nikaachia: ukashuka. Geji ilikuwa nzima. Waya ulikuwa mzima. Nikarudia mara nyingine, mambo yakawa yale yale. Basi ilibaki niamini kazi yangu au niamini neno la mjomba, na katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumbishia.

"Mjomba," nikasema, "tangini hakuna mafuta."

"Unaniambia mimi muongo?"

"Hapana. Nasema hakuna mafuta."

Bibi Mkunga alikuwa ameshafungua mlango wa dereva. "Mabishano ya nini? Gari lipo, barabara ipo. Ingieni. Wote."

Aliendesha yeye, mimi nikakaa pembeni yake, mjomba na Kioo nyuma. Tukatoka getini, tukapita duka la vyuma, tukakunja kona. Gari lilikuwa linakwenda kwa raha, watu wakigeuka kulitazama, na mimi macho yangu hayakutoka kwenye mshale. Mjomba akakohoa. "Linakwenda," akasema. "Lisingekuwa na mafuta lingekwendaje?"

Tukaanza kupanda kilima kidogo. Injini ikakohoa mara moja. Ikakohoa tena. Halafu ikanyamaza kabisa, na Bibi akavuta breki ya mkono.

"Limekwisha mafuta!" nikapiga kelele. Nilipiga kelele, mimi, katikati ya barabara, na kichwa nimekitoa dirishani. "Jamani, limekwisha mafuta!"

Mwenye duka upande wa pili alitoka kuona ni bahati gani imetupata.

Mjomba alishuka, akafungua tangi, akatumbukiza ufito mrefu wa waya. Ukatoka mkavu. Akageuka taratibu kumtazama mwanawe.

"Nilichota kidogo tu," Kioo akasema. "Nisafishe bunduki ya rangi."

"Dumu zima?"

"Baba, kijani kinashika."

Bibi Mkunga aliweka kichwa kwenye usukani, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na honi ikalia. Mjomba akaja kwenye dirisha langu. Alijaribu kuwa na uso wa hasira, ukamshinda.

"Mkasi akija kesho, tumwambie nini?"

"Mwambie meza ina mtu," nikasema, na sikunong'ona.

Akapiga paa la gari kwa kiganja, mara mbili, Kioo akalalamikia rangi. Nikafungua mlango nishuke tukasukume, taa ikawaka juu yetu, lakini Bibi Mkunga akanishika mkono.

"Wewe kaa. Aliyekunywa mafuta ndiye anayesukuma."

Nikakaa. Nyuma yetu mjomba na Kioo walikuwa wanagombana wapi pa kushika bila kuacha alama, na mbele yangu mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, haupepesi.