Bawa Lililovunjika Getini

Wafanyakazi wa uwanja wa kokoto walimwita msimamizi wao Daktari, kwa sababu kila mgonjwa aliyefika mbele yake, yeye alimkuta mzima.

Asubuhi hiyo dereva wa greda alimfuata getini, mkono umeshika tumbo upande wa kulia, jasho linamchuruzika na jua halijaanza hata kuwaka.

"Bosi, naomba ruhusa niende hospitali. Tumbo."

Daktari alimkagua toka kofia mpaka viatu. "Ungekuwa unaumwa ungelia."

"Nikilia linazidi."

"Basi usilie. Tajiri anakuja jioni, anataka uwanja uwe sawa. Ukitoka geti hili, usirudi."

Dereva hakubisha, yeye aliyezoea kubishana hata na redio. Alienda kukaa peke yake nyuma ya greda, chai yake ikapoa mpaka ikafanya utando.

"Mwanangu, yule anaumwa," mama chai alisema kutoka kwenye meza yake ya vikombe.

"Mama, hebu niache. Mpwa wangu anatibu wanyama wa porini, kanifundisha dalili zote. Mnyama mgonjwa anajitenga na wenzake, hali, hanywi, ananyamaza kimya."

"Na yule nyuma ya greda?"

"Yule ni dereva."

Hapo ndipo ndege alipotokea, miguu mirefu, kifua cheupe. Alikuwa akiburuza bawa moja juu ya kokoto, karibu kabisa na viatu vya Daktari, huku akilia kilio cha kukata maini.

"Maskini! Kavunjika bawa!" Daktari akavua kofia yake ya kazi. "Tulia, baba, tulia nikusaidie."

Akainama amfunike. Ndege akasogea. Akamnyatia, ndege akasogea tena, bawa likining'inia vibaya zaidi. Wakaenda hivyo, mmoja akiburuzika na mwingine amechuchumaa na kitambi chake, mpaka wakapotelea nyuma ya lundo la mchanga.

Mama chai akasogea pale Daktari alipokuwa amesimama. Karibu na nguzo ya geti, katikati ya kokoto, palikuwa na mayai ya madoadoa. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akamkimbilia dereva.

"Inuka, mwanangu. Geti halina mtu."

Alimkokota hadi nje, akamsimamishia pikipiki, akapanda nyuma yake kumshikilia.

Ndege alipoona adui yuko mbali vya kutosha, akapona. Aliruka kwa mabawa yote mawili, akarudi kwa mayai yake.

"Alikuwa na mshtuko tu," Daktari aliwaeleza wapakiaji, akipangusa jasho. "Nimemtuliza, kapona."

Hospitali walisema ni kidole tumbo, na kwamba angechelewa mpaka jioni kingepasuka. Wakampasua mchana huohuo.

Siku ya tatu Daktari alipotoka uwanjani kwenda kumwona, alimkuta ameegemea mto, sahani tupu pembeni, anacheka na mama chai habari za ndege, mikono imebana mshono.

"Nilisema mimi!" Daktari alisimama mlangoni. "Anakula, anacheka, anapiga domo. Huyu haumwi. Kesho nakutaka kwenye greda."

Dereva alimtazama mama chai. Kisha akainamia upande mmoja, akauachia mkono uning'inie nje ya kitanda kama bawa, akaanza kulia kwa sauti.

"Nesi!" Daktari alitoka mbio. "Nesi, njoo haraka! Huyu mtu anaumwa!"