Vitunguu Vilivyochanua Kabla ya Wakati

Baridi ya mwaka wa sabini na nne iliingia Rangwi mwezi wa sita, ikakaa mpaka katikati ya mwezi wa nane. Ilipoondoka iliacha shamba la ujamaa limejaa maua. Mgeni apitaye barabarani angesimama kulisifu. Wenyeji hawakulisifu, maana kitunguu kikishatoa bua la ua, ndani yake hubaki kiini kigumu kama kijiti. Sokoni hakitakiwi, na ukikiweka darini huoza mapema.

Mwanahawa alipita kati ya matuta akihesabu kwa macho. Karibu theluthi ya vitunguu vilikuwa vimechanua. Alikuwa mjane wa makamo, na katika kijiji kizima hakuna aliyemshinda kwa mbegu. Mwaka ule wa kwanza wa shamba la pamoja, mbegu yote ya vitunguu vyekundu ilitoka nyumbani kwake. Aliitoa bure, kwa moyo mweupe.

Lawama, hata hivyo, haikumwangukia yeye. Ilimwangukia Raheli, mke wa fundi seremala, aliyesimamia kitalu cha miche.

"Alisia mapema mno," watu walisema. "Miche ikazeeka kitaluni." Wengine walikwenda mbali zaidi, wakasema mumewe hakuwa ameridhia kuhamia kijijini, na kwamba Raheli alifanya makusudi. Neno "mhujumu" likaanza kutembea. Siku zile lilikuwa neno zito. Mtu akishabandikwa, halibanduki kwa maji.

Mkutano uliitwa Jumamosi, baada ya Kornelio, mwenyekiti wa kijiji, kumwomba bwana shamba ashuke kutoka Lushoto aje kuona. Bwana shamba huyo, Timotheo, alikuwa kijana mpole aliyependa kuchuchumaa kuliko kusimama. Siku hiyo alifika asubuhi na mapema. Mwanahawa alimkuta shambani akipasua kitunguu kwa kisu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona nini?"

"Baridi imevidanganya. Kitunguu ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hujaza tumbo, wa pili huzaa. Kikipigwa na baridi ndefu hudhani mwaka wake wa kwanza umekwisha. Mche ukiwa mkubwa hudanganyika upesi zaidi. Lakini tazama hivi viwili. Vimesiwa siku moja, tuta moja, unene mmoja. Kimoja kimechanua, kingine hakikuchanua. Hapo si kitalu tena. Hapo ni ukoo wa mbegu." Akanyanyua macho. "Mbegu hii mliipata wapi?"

"Kwangu."

"Na wewe huivuna vipi?"

Jibu lilimjia Mwanahawa lote kwa mkupuo, na hakulipenda. Mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akichagua vitunguu vizuri wakati wa mavuno, anavitundika darini, kisha anavipanda tena mwaka wa pili ili vizae. Ilikuwa kazi ndefu. Yule bibi alipofariki, Mwanahawa aligundua njia ya mkato: kila mwaka vilikuwapo vitunguu vichache vilivyochanua vyenyewe, kabla ya wakati. Mbegu hiyo hapo, nyeusi, tele, bila kusubiri. Miaka saba alivuna kwa vile vyenye haraka. Miaka saba alikuwa akizalisha vitunguu vyepesi kudanganywa na baridi.

"Basi, mama?" Timotheo aliuliza.

"Nitalijibu mkutanoni," alisema.

Alirudi nyumbani, akakaa barazani. Alifikiri kwamba hakuna aliyejua alivyoivuna mbegu ile. Timotheo angelaumu baridi, watu wasimwamini, kisha angeondoka jioni. Raheli angetolewa kitaluni na kutajwa mbele ya watu, kisha maisha yangeendelea. Akafikiri pia jinsi Raheli alivyokuja na uji kila asubuhi, siku zote arobaini za msiba wa mume wa Mwanahawa, bila kuombwa na mtu. Akavaa kanga safi, akaenda.

Kornelio alikuwa tayari amelitaja jina la Raheli. Raheli mwenyewe alikuwa amesimama mbele, mikono kifuani, akitazama chini.

"Mwenyekiti, naomba aketi," Mwanahawa alisema. "Atakayesimama hapo ni mimi."

Akaeleza yote, hata ile njia ya mkato. Alipomaliza, mzee mmoja aliguna, "Kwa hiyo shamba zima tumepanda uvivu wako?"

"Ndiyo, baba. Mmepanda uvivu wangu."

Mtu mmoja alicheka, halafu wengine. Hawakucheka kwa wema mtupu, na kicheko kile alikibeba muda mrefu. Lakini Raheli aliketi, na neno lile zito halikusikika tena.

Kulirekebisha jambo kulihitaji subira. Wakati wa mavuno walichagua pamoja, Mwanahawa na Raheli, vitunguu mia mbili ambavyo baridi haikuvishinda: vyekundu sana, shingo nyembamba. Mwaka uliofuata shamba la pamoja lilipandwa kabichi, na vile mia mbili vikapandwa pembeni vizae. Mwaka wa sabini na sita Timotheo alileta mbegu za aina mbili kutoka nje ya wilaya, wakazisia pamoja na mbegu ya vile mia mbili, zote tatu siku moja, matuta bega kwa bega.

Baridi ilikuja kama kawaida. Aina ya kwanza ya kigeni ilichanua nusu nzima. Ya pili ilichanua vitatu tu katika mia. Ya Mwanahawa, kumi na kimoja.

Ilimchoma. "Chukueni ile yenye vitatu," alimwambia Kornelio. "Imetushinda."

"Ngoja kwanza ikae darini," Raheli alisema.

Wakangoja. Mpaka Desemba ile aina ya vitatu, nene na yenye maji mengi, ilikuwa imelainika na kunuka. Vya Mwanahawa vilikuwa vigumu bado, vikilia kama makaratasi ukivigusa. Kijiji kikaamua kuendelea navyo, na kung'oa kila mwaka chochote kitakachotoa bua, kabla ua halijafunguka na kutoa mbegu.

Kung'oa ndiko kulikomuuma Mwanahawa moyo. Agosti iliyofuata alisimama mbele ya kitunguu kimoja kizuri kuliko vyote, chenye bua changa lililoanza kuchungulia katikati ya majani.

"Hiki kimoja tu," alisema.

Raheli akamsogezea kapu. Mwanahawa akainama, akakishika shingoni, akaking'oa, akakitupa kapuni pamoja na vya kupikia. Kisha wakahamia tuta la pili.