Gawa Biskuti

Sipendi kitu kinachonichekea kabla hakijanijua. Siku kivinjari cha Zumbua kilipofunguka mara ya kwanza kwenye kompyuta ya dukani kwangu, kilileta uso wa duara, meno nje, na maandishi makubwa: "Karibu, rafiki! Tumekumisi!" Mmenimisi wapi, nikajiuliza, na ndiyo kwanza tunaonana?

Aliyekileta ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Tunamwita Kasi kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi moja kabla ya kuanza nyingine. Alikuwa amepata kazi ya kukitangaza hicho kivinjari kipya madukani, na duka la kwanza alilolikumbuka ni langu. Mimi natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta yangu iko kaunta, na nyingine tatu ziko ukutani kwa wateja.

"Shemeji, weka hiki tu," akasema. "Hivyo vingine vyote konokono."

"Konokono hajawahi kunipotezea fomu ya mteja."

"Wewe jaribu. Ukikuta kimeshindwa, niite muongo."

"Muongo nakuita siku zote. Nitakipima."

Nikapima kweli. Nilisomea mambo ya ofisi chuoni, nikapata diploma yangu, na kitu nilichojifunza vizuri kuliko vyote ni kutokununua maneno. Kompyuta ya kwanza niliachia kivinjari kilichokuja nayo. Ya pili niliweka kile ambacho kila mtu anacho kwenye simu. Ya tatu, ile ya pembeni, nikaweka Zumbua. Kazi moja kwa zote: fungua ukurasa wa matokeo ya mitihani, ambao unajulikana kwa kuliza watu hata kabla hawajaona alama zao, jaza fomu yenye picha, chapa.

Kile kilichokuja na kompyuta kilinibembeleza nikifanye kikuu. Nikakataa. Kikabembeleza tena, kama mchumba aliyekataliwa anayejifanya hakusikia. Kile cha kila mtu kilifanya kazi, lakini kilikula kompyuta mpaka feni ikanguruma kama mashine ya kusaga. Zumbua kikafungua ukurasa kabla sijaondoa kidole kwenye mausi. Fomu ikaenda na picha yake. Karatasi ikatoka printa bila kukatwa mstari wa chini. Na menyu yake yote ilikuwa Kiswahili, tena si kile cha kubabaisha.

Nilitaka kukichukia kwa meno yake tu, lakini kazi kilifanya. Nikakiweka kompyuta zote. Kasi akaruka juu kama amefunga goli.

Nilichopima ni kazi. Tabia sikuipima.

Wifi yangu, dada yake Kasi, ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kinatazamana na duka langu. Aliingia asubuhi moja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasubiri wateja wapungue, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba amekuta uvimbe kwenye titi. Zahanati ilikuwa imeshamwandikia aende hospitali kubwa akachunguzwe.

"Mama anajua?"

"Mama asijue mpaka nimwambie mwenyewe. Kwa mdomo wangu, wifi, tena nimeshikilia mkono wake. Unajua presha yake. Akisikia pembeni atadondoka."

"Na Kasi?"

"Mwambie Kasi ukitaka mtaa mzima ujue."

Tukacheka, ingawa hakukuwa na cha kuchekesha. Akaomba kompyuta asome kidogo kabla ya kukutana na daktari, asije akakaa mbele yake kama gogo. Nikampa ile ya pembeni, skrini inatazama ukuta, nami nikarudi kaunta kwa mteja mwenye vyeti vya kukopiwa.

Mara nikamsikia: "Wifi, hii kompyuta inaniomba biskuti."

"Inakuomba nini?"

"Inasema, 'Rafiki, tunaweza kugawa biskuti zako kwa wenzetu?' Kuna 'Ndiyo, gawa' na kuna 'Hapana, nakula peke yangu'."

Kabla sijageuka alikuwa ameshabonyeza. Na kwa nini asibonyeze? Mama mkwe wangu amelea watoto ambao wakikutwa wanatafuna peke yao wanafinywa. Katika nyumba ile hakuna aliyefika umri wa kuota meno akaweza kusema "nakula peke yangu". Waliotunga swali hilo wanatujua. Walikaa mahali, wakafikiri, wakachagua maneno hayo.

Baadaye nilikwenda kuangalia vivinjari vile viwili vya mwanzo, ambavyo Kasi aliviita konokono. Vyenyewe kitu hichohicho, kumbukumbu za unachotafuta mtandaoni, vinakiita vidakuzi. Neno baya la sura, lakini la haki. Hata asiyejua kompyuta, akisikia vidakuzi anakumbuka udaku, anakumbuka jirani anayetega sikio dirishani, anavuta pazia. Zumbua kilichukua mdaku yuleyule, kikampaka sukari, kikampanga kwenye sahani.

Kesho yake Kasi akaja na bango la kubandika mlangoni. Alifuatana na mama yake aliyetaka kopi ya kitambulisho. Dukani alikuwepo fundi mwashi mmoja, mtu mpole, anasubiri barua yake ichapwe. Kasi hawezi kuona mtu anasubiri akamwacha asubiri kwa amani.

"Njoo, kaka, uone maajabu," akamwambia, akaiwasha ile kompyuta ya pembeni na kuigeuza skrini itazame watu.

Uso wa duara ukatokea na meno yake. "Karibu tena, rafiki! Endelea ulipoishia: uvimbe kwenye titi, dalili za hatari." Chini yake picha zimejipanga. Wigi za wanaopoteza nywele kwa matibabu, ziko za rangi zote. Unga wa mizizi unaoyeyusha uvimbe bila kisu. Na kona ya kulia, mwanamke anacheka amekumbatia wanawe: "Usiwaachie mzigo. Jiunge na bima ya mazishi leo."

Nimefanya kazi na watu miaka mingi. Nimewahi kuona mteja akifutia kamasi kwenye karatasi zangu safi. Sijawahi kuona uchafu kama ule.

Kasi yeye akapiga makofi. "Mnaona akili? Kinamjua mteja! Kuna mtu hapa ana uvimbe, kimeshamtafutia wigi, dawa, na jeneza juu! Vile vingine vinaweza?"

Mwashi hakucheka. Alitazama viatu vyake. Mama mkwe alisogea karibu na skrini, akakunja macho asome. Na mlangoni, futi shingoni, alikuwa amesimama wifi yangu. Alikuja kumwita mama yake chai. Mkono wake mmoja ulikuwa umepanda kifuani wenyewe, bila yeye kuuona. Mama angegeuka tu angeuona.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa natafuta mimi. Zima hiyo takataka."

Kasi akaizima, sentensi yake imekatikia njiani. Mama mkwe akanigeukia mimi, si mlango.

"Wewe, mwanangu?"

"Mimi, Mama. Ni kidogo tu."

"Kidogo cha nani? Hospitali lini?"

"Kesho." Ikanitoka, kwa sababu ndiyo siku ya wifi. "Wifi atanisindikiza."

"Vizuri. Na mimi nitawasindikiza wote wawili."

"Mama, presha yako..."

"Presha yangu nitakuja nayo. Haina pengine pa kukaa."

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba atasikia naumwa, kwamba siumwi, na kwamba asiulize zaidi. Hakuuliza. Ndiyo sifa yake kubwa.

Hospitalini tulikaa benchi moja kwenye korido, mama mkwe katikati. Mkono wangu aliushika toka tulipofika, akiupapasa kama wa mtoto mwenye homa, nami nikaona haya mpaka masikioni. Kila mlango ulipofunguka nesi alitoka na faili na kuita jina kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Wifi alikuwa anautazama mlango ule kama mtu anayetazama gari lililokatika breki. Nikamkanyaga mguu, taratibu, nyuma ya kiatu cha mama yake.

Akavuta pumzi.

"Mama, wakiita jina langu usishtuke."

"Wakuite wewe kwa nini?"

"Mwenye uvimbe si wifi. Ni mimi. Nilitaka nikwambie mwenyewe, kabla hujasikia kwa mtu."

Mama mkwe hakudondoka. Aliuachia mkono wangu, akauchukua wa binti yake, akauweka mapajani pake na kuufunika kwa mikono yote miwili. Kisha, bila kunitazama:

"Na huyu?"

"Mimi mzima, Mama."

"Najua. Wewe ungeumwa, mtaa mzima tungeshachoka kusikia. Jana nilisema, huyu kuumwa kimyakimya kaanza lini?"

Wifi akacheka, machozi yakashuka hapohapo kwenye cheko. Nesi alipoita, mama na binti walisimama pamoja wakaingia. Mimi nikabaki na mikoba yao miwili. Walimtoa kipande cha kupima kwa sindano, na majibu yalitoka kwa wakati wake. Yalisemaje, hayo ni yake. Akitaka kusema atasema.

Nilirudi dukani moja kwa moja. Kasi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, bango lake limekunjwa magotini. Dada yake alikuwa ameshampigia simu.

"Shemeji, nakuapia, sikujua kama ni dada."

"Na angekuwa si dada?"

"Ah, shemeji..."

"Nakuuliza. Angekuwa mke wa yule mwashi? Ungecheka hadi saa ngapi?"

Aliinuka, akalichana bango vipande, akatafuta pa kuvitupa. Nikamwonyesha ndoo.

Kisha nikakaa kwenye ile kompyuta ya pembeni kukiondoa. Uso wa duara ukaja, safari hii midomo imepinda, na chozi la bluu shavuni. "Unatuacha, rafiki? Sisi hatutakusahau." Hilo niliamini. Kulikuwa na kitufe cha kijani kipana kama godoro, "Nabaki", na chini yake kineno cha kijivu cha kutafutwa kwa miwani, "Ondoa". Nikakibonyeza hicho.

Kikaniletea dirisha la mwisho: "Tuambie kwa nini, ili tujirekebishe." Chaguo zilikuwa "Ni cha polepole", "Sijakizoea", na "Nyingine, andika hapa."

Nikaweka vidole juu ya vibonyezo. Maneno nilikuwa nayo, tena yale ambayo sisemi mbele ya wanangu. Halafu nikaondoa vidole, nikafunga dirisha kama lilivyo, tupu. Lolote ambalo ningeandika pale, wangeligawa.